Mifupa ya Limuzini ya Mama Neema

Ati lilikuwa la kukatwa? Hebu rudia hapo. Umeandika kwenye grupu, watu wote wa mtaa huu wa Xiaobei wamesoma, kwamba Dada Rehema, yaani mimi, na wenzake walihangaika na likopo la Kimarekani ambalo hata wenye nchi wameacha kulitengeneza, kwa hiyo dawa yake ilikuwa gesi ya kukatia na mizani ya skrepa. Nimesoma nikiwa nakula. Nikaacha kula. Mimi, kuacha wali! Wanaonijua wanaelewa hapo hasira ilifika wapi.

Sasa kaa. Kaeni wote, maana nyie mliokuja juzi mnadhani kazi ya spea ni kupiga picha, kutafsiri kwa simu, na kumwambia laoban, yaani bosi wa duka, apunguze bei. Nina miaka thelathini na nne na nimestaafu kazi ya spea za magari makubwa ya Kimarekani. Cheka, mimi nasubiri. Umemaliza? Nimestaafu kwa sababu magari yenyewe yamekwisha, oda zimekauka, na siku hizi nauza breki za pikipiki za umeme. Lakini nililala chini ya yale magari miaka mingi kuliko wewe ulivyolala kwenye kitanda chako hapa Guangzhou, kwa hiyo usinifundishe cha kukata na cha kuacha.

Sikusoma ufundi popote. Nililetwa na shangazi kubeba marobota ya nguo, asubuhi tuko soko la Shahe, mchana tuko soko la Zhanqian, jioni miguu imevimba. Kichina nilikiokotea huko huko sokoni, kwenye kugombana. Ukitaka kujifunza lugha haraka, gombana. Siku moja Kaka Bosko, Mnyakyusa mmoja wa Mbeya, mnene, mcheshi, mwenye sauti kama spika ya kwaya, akamwomba shangazi amwazime mkalimani wa saa moja tu aende naye kwenye mtaa wa spea. Ile saa moja sijairudisha mpaka leo.

Bosko alikuwa na wateja ambao hakuna mtu aliwataka. Wenzake wote walikuwa wanachukua spea za magari ya Kijapani, maana hizo ziko kila kona. Yeye alikuwa anatafutia yale magari marefu ya Kimarekani, injini mbele, propela katikati, difu nyuma, mabuti yanayomeza mbuzi watatu. Mengi yaliingia kwetu kupitia nchi za Ghuba, Uarabuni, ambako watu waliyapenda hasa, halafu yakaja Dar, Lubumbashi, Mombasa, kubeba maharusi na maiti. Ukweli mtupu. Gari lile lile Jumamosi linabeba bibi harusi, Jumatatu linabeba jeneza, wanabadilisha maua tu.

Somo la kwanza tulilipata kwa aibu. Mteja wa Lubumbashi alituma picha ya gari lake kwa mbele, linang'aa, akataka shokapu za nyuma. Bosko akaangalia ile sura, akasema, "Hili nalijua," akatuma. Baada ya wiki kadhaa ikaja sauti kwenye simu: "Mais non, Bosko! Mais non, papa! Hapana kabisa! Hizi shokapu ni za gari gani, za trekta?" Hazikuingia hata kwa nyundo.

Bosko akaapa kwamba sura ya pichani ni ile ile ya magari anayoyajua, na kweli ilikuwa ile ile. Uso ulikuwa ule ule. Kilichobadilika kilikuwa chini. Yale magari, miaka ya mwisho kabla hayajaachwa, yalipewa fremu nyingine: vyuma vya mbele vikawa vya kufinyangwa kwa msukumo wa maji, stelingi boksi ikatupwa, na shokapu za nyuma zikahamishwa kutoka ndani ya fremu zikapelekwa nje. Hata rimu za zamani hazikai. Juu hujui kitu, unaona bibi yule yule na kilemba kile kile, kumbe kabadilishiwa nyonga.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza, andikeni: mteja akikupa picha ya mbele, mwambie ainame apige ya chini. Akisema nguo zitachafuka, huyo siyo mteja.

Aliyetufumbua macho ni Laoban Liang.

Liang alikuwa na karakana ndogo ya raba, presi mbili za mafuta, joto la kufa mtu, harufu ya salfa mpaka kwenye chai. Mfupi, mkavu, kaptula na kandambili mwaka mzima. Viwanda vikubwa vikisikia unataka vipande kumi vinakwambia "meiyou", hakuna, hata kabla hujamaliza sentensi. Liang alikuwa anakufanyia vipande kumi. Alikuwa anakufanyia hata vinne, na alikuwa na mila moja ambayo sijaiona kwa mwingine: sampo ya mteja haitupwi. Ukimletea raba mbovu aigeze, akimaliza anaitunga kwenye waya na kuining'iniza darini. Ukiingia pale unaona mabushi na mauntingi ya dunia nzima yananing'inia juu ya kichwa chako kama vitunguu.

Ujanani alikuwa fundi wa magari ya hoteli moja kubwa hapa mjini, na hoteli ilikuwa na magari ya Kimarekani ya kupokelea wageni. Akiyazungumzia alikuwa anashusha sauti, kama mtu anayezungumzia wakwe. Siku tuliyomletea kesi ya shokapu za Lubumbashi, Bosko bado anatukana watu wote hai na wafu, Liang akavuta sinia lake la mianzi la chai, akaanza kupanga vikombe.

"Zamani sana," akasema, na mimi natafsiri huku nabishana naye, "gari lote lilikuwa kama lori. Chini sinia, juu bodi. Watu wanakaa juu ya sinia." Akaweka kikombe juu ya ukingo. "Gari linakuwa refu kwenda juu. Halafu mabwana wakataka gari la chini, la kunyata. Wafanyeje?"

"Wakate miguu," akasema Bosko.

"Wakatoa vyuma vya katikati, wakavipeleka pembeni." Akakishusha kikombe ndani ya sinia, kati ya kingo. "Sasa watu wanakaa ndani ya sinia. Paa likashuka. Sakafu ikashuka. Umeona?"

Niliona. Jambo dogo vile! Kuna mtu alikaa akafikiria kwamba chuma kikizunguka pembeni, binadamu anaweza kushuka katikati. Liang akaendelea. Akasema kuna waliojaribu fremu ya umbo la X, mkono huku mkono kule, pembeni hakuna kitu, baadaye wakaiacha. Akasema magari yalivimba kila toleo mpaka yakawa kama vyumba vya kulala, halafu mafuta yakapanda miaka ya sabini, wakayapunguza urefu na upana. Maajabu ni kwamba ndani nafasi haikupungua, sehemu nyingine ikaongezeka. Kumbe ule ukubwa wote ulikuwa mbwembwe za nje! Halafu mengi yakageuzwa kuvutwa na matairi ya mbele, bodi na fremu vikawa kitu kimoja. Yakabaki machache ya sinia na kikombe, kwa polisi, kwa teksi, na kwa wale wanaokata gari katikati walirefushe liwe limuzini.

"Kwa nini hayo?" nikamuuliza.

"Kwa sababu fremu unaweza kuikata na kuichomelea. Ukikata gari la bodi tupu, umekata yai." Akanywa chai iliyokuwa kwenye lile gari la mfano. "Na haya mapya yao yanayosukumwa na matairi ya nyuma, yenye difu linalochezesha kila tairi peke yake, mifupa yake waliazima Ulaya. Sinia limeyeyukia ndani ya kikombe. Ni mazuri. Lakini hayafunguki."

Nyie mnaopita na magari ya umeme hapa, kimya kama paka, mnajua chini yake betri imelala bapa kama godoro, na kampuni moja inaweka juu ya godoro hilo hilo nyuso tano tofauti? Siku Liang alipoonyeshwa gari la namna hiyo limeinuliwa, alitazama weee, akasema neno moja tu: "Sinia."

Haya, tufike kwa Mama Neema, maana ndiye uliyemtukana bila kumjua.

Mama Neema ni mjane wa Mwanza. Mumewe alimwachia limuzini nyeupe, ndefu, usukani kushoto, watoto wa mtaani wanaiita Treni. Kila harusi ya maana ya pale mjini imepita ndani ya Treni. Ndiyo iliyomlipia watoto ada, na ndicho kitu pekee cha marehemu ambacho shemeji zake walikuwa hawajakigusa. Sasa Treni ikaanza kuugua: milango ya nyuma haifungi. Bibi harusi anaingia, mlango unarudishwa, unagonga, unarudi. Mara nyingine wanaufunga kwa kamba, wanaificha kamba kwa maua.

Shemeji mtu akapata sababu. Akaja na mnunuzi wa skrepa, wakazunguka gari, wakagonga bodi kwa vidole. Mama Neema akanipigia analia kwa hasira, siyo kwa huzuni, mimi najua tofauti.

"Mwanangu Rehema, shemeji yangu kasema mbele ya ukoo, nikishindwa kulitengeneza safari hii analikata. Na wazee wamemkubalia. Mimi nimebaki nimekaa kama mgeni kwenye nyumba yangu."

"Mama, fundi anasema ni nini?"

"Masanja anasema raba zile bodi inazokalia zimekufa zote."

Masanja alikuwa sahihi, tena sahihi kabisa. Bodi haigusi fremu moja kwa moja, inakaa juu ya raba, na katikati ya kila raba kuna kibomba cha chuma ambamo bolti inapita. Masanja akafungua moja, akaipa msafiri aliyekuwa anakuja kuchukua mzigo wa simu hapa mtaa wa Dengfeng, ikatufikia imefungwa kwenye kanga. Ndiyo kawaida yetu: sampo inasafiri kwenye begi la mtu, katikati ya dagaa na unga wa muhogo. Bosko akaipeleka kwa Liang.

Liang akaigeuza. Akauliza, "Hii ni mpya au imechoka?"

Bosko, na Kichina chake cha kuombea maji, akasema, "Yiyang, yiyang! Sawasawa! Tengeneza kama hivi hivi."

Vijana, mkikumbuka kitu kimoja kutoka kwangu, kumbukeni hiki. Neno yiyang usimwambie mtu wa karakana. Wewe unamaanisha "ifanane na ilivyokuwa mpya." Yeye anasikia "ifanane na hii." Na fundi mwaminifu atakufanyia hii, na kovu lake, na kilema chake.

Raba zikaenda. Masanja akazifunga. Milango ikagoma vile vile, na mmoja uliokuwa unafunga ukaacha kufunga. Shemeji akampigia mnunuzi wa skrepa siku hiyo hiyo, wakakubaliana.

Bosko alivyoingia kwa Liang siku ile, hata zile sampo za darini zilitikisika.

"Tapeli wewe! Mwambie, Rehema, mwambie ni tapeli! Raba feki, Mchina ni Mchina tu!"

"Simwambii," nikasema.

"Nakulipa utafsiri!"

"Unanilipa nitafsiri spea, siyo ujinga. Huyu mzee ametutengenezea vipande vinne vinne wakati wenzake wanatufukuza kama nzi. Ukimwita tapeli tena nakuacha hapa hapa, na urudi hotelini kwa kuuliza njia kwa ishara."

"Umehongwa chai!"

"Nimehongwa, ndiyo! Na wewe umehongwa tumbo lako hilo!"

Ndiyo hivyo, sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa namjua mtu, basi. Kwangu mimi mtu aliyekusimamia unamsimamia kwanza, ukaguzi baadaye. Kama hupendi hivyo, usifanye urafiki na mimi.

Liang hakuelewa Kiswahili lakini hasira haina lugha. Alipanda kwenye kiti, akashusha ile sampo ya Mwanza kwenye waya wake, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akasukuma kibomba cha chuma kikatoka kwenye raba. Akapitisha kucha ukingo wa upande mmoja. Laini, umekunjwa vizuri na kiwanda. Akapitisha kucha upande wa pili. Kucha ikakwaruza. Akanipa na mimi nipitishe.

Meno ya msumeno.

Nikampigia Masanja hapo hapo, spika wazi. "Fundi Masanja, hiki kibomba umekikata?"

"Eee, nimevikata vyote!" Sauti ya ushindi kabisa. "Raba zilikuwa zimelala, dada, bolti haikazi, bodi inagonga ko ko ko. Nikapunguza vibomba kidogo kidogo, bolti ikakaza, kelele kwisha. Muulize Mama Neema, gari lilikuwa kimya miaka miwili!"

Bosko akakaa chini juu ya gunia la raba mbichi. Sikuwa na nguvu hata ya kumcheka, na hilo linanisikitisha mpaka leo.

Mmeelewa kilichotokea? Raba inachoka, inalala. Chuma hakichoki. Kile kibomba ndicho shahidi: raba ikifa namna gani, urefu wa kibomba unakwambia bodi ilipaswa kukaa juu kiasi gani. Masanja, kwa ujanja wa kwetu ule wa kutibu kelele, akamkata ulimi shahidi. Na siyo mmoja, wote wa mbele na wa nyuma. Zaidi ya hapo, katikati, pale Treni iliporefushwa, kuna raba nyingine walizoweka wale warefushaji, na hizo Masanja hakuzigusa. Kwa hiyo bodi ikashuka mbele na nyuma, katikati ikabaki juu. Gari lilikuwa limejikunja kama ndizi. Mlango gani utafunga kwenye ndizi?

Nikamuuliza Liang, "Urefu wa kweli ni upi?"

Akasema hajui. Na hakukisia. Hapo ndipo nilipompenda kabisa. Mwingine angesema "ongeza kidogo hapo" na tungekubali.

Mnunuzi wa skrepa alikuwa anakuja Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kesho yake Liang akafunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona, akatupakia kwenye kigari chake cha mizigo mpaka kule Baiyun, nyuma ya maghala, kwenye yadi ya mtu aliyefanya naye kazi hotelini zamani. Mtu mwenyewe alitupokea kwa "meiyou" tatu kabla hatujasema tunataka nini. Liang akatoa sigara. Wakavuta. Wakasemana kuhusu magoti yao. Halafu yule bwana akaondoa turubai.

Chini yake palikuwa na gari jeusi la hoteli, lina uso wa pembe pembe, taa za mraba, vumbi la miaka.

"Sasa hili la nini?" Bosko akang'aka. "La Mama Neema lina uso wa mviringo! Rehema, mwambie mzee siyo hili, hili ni la babu yake!"

Liang hakujisumbua kutafsiriwa. Alilala chini na kandambili zake, akagonga fremu kwa konzi, akasema, "Ingia."

Tukaingia wote wawili chini, Bosko kwa taabu. Nikaangalia mahali bolti zilipo, nikafungua picha za Masanja kwenye simu. Tundu kwa tundu. Kona kwa kona. Hata kipande kidogo cha chuma cha kushikia bomba la breki kilikuwa pale pale. Wale watu walikuja wakaondoa uso wa mraba, wakavalisha uso wa mviringo, wakatangaza gari jipya, na chini mifupa ikawa ile ile.

"Mama yangu," Bosko akanong'ona. Spika ya kwaya ikanong'ona.

Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Tukapasha moto, tukapaka mafuta, tukasubiri, tukatukana, tukapasha tena. Usilazimishe bolti ya bodi, ikikatikia ndani umejitafutia kesi. Jasho la Guangzhou mnalijua, siyo jasho, ni kuoga bila ruhusa. Ya mwisho ilipoachia, yule bwana akaleta folklifti, tukapitisha mbao mbili chini ya bodi, akaanza kuinua taratibu.

Nataka niwaeleze hapa, na mimi siyo mtu wa kukosa maneno.

Bodi iliinuka. Viti ndani, paa juu, milango yote, vioo, redio, gari zima mnaloliita gari likapanda hewani. Na chini kikabaki kitu kingine kimesimama kwenye matairi yake manne, kinajitegemea, hakijali kabisa kama kimevuliwa. Vyuma viwili vinaanzia mbele vimebanana, vinapita kando ya injini, vikifika mlangoni vinatanuka kama nyonga za mama aliyezaa, vinakwenda sambamba, halafu nyuma vinapanda, vinaruka juu ya ekseli kwa mkunjo mmoja laini, vinashuka tena. Injini imekaa. Propela imenyooka. Springi nne zimekaa vikombeni mwake. Ungeweza kuweka kiti cha plastiki juu yake ukaendesha mpaka mjini.

Bosko akavua kofia kama yuko kanisani, halafu akaona aibu, akajifanya anajipepea.

Nilichokuwa nafikiria ni wale watu. Watu wa mbali huko, hawajui Mwanza ni mji au ni samaki, walikaa wakapinda chuma kile kiasi kile, wakakiacha kibebe sura moja, halafu nyingine, halafu kikatwe na mgeni Ghuba, kirefushwe, kivushwe, kibebe maharusi ambao hata wazazi wao walikuwa hawajakutana siku chuma kinapindwa. Na kimebeba. Hakijawahi kumuuliza mtu wewe ni nani.

"Kipo," Liang akasema.

Alikuwa ameshika kibomba kizima kutoka kwenye raba ya nyuma. Kingo zote mbili zimekunjwa. Akakisimamisha kando ya kile cha Mwanza juu ya fremu. Tofauti yake ilikuwa nusu ya kidole changu kidogo. Nusu ya kidole! Ndiyo iliyotaka kumnyang'anya mjane gari lake. Akapima kwa venia mara mbili, akampa Bosko apime, akanipa mimi nipime, na tulipotaja wote namba moja ndipo akatikisa kichwa kukubali.

Alitengeneza kalibu upya. Akaniita nibonyeze raba ya kwanza kwa ukucha. Hiyo nayo ishikeni: raba nzuri ya bodi ukucha unaingia kwa ubishi na alama inapotea wakati unaitazama. Alama ikibaki, hiyo ni chingamu. Ukucha usipoingia kabisa, hilo ni jiwe, litapasua sakafu. Alama yangu ilipotea. Vibomba vyote akavikata kwa urefu wa kweli, akakunja kingo pande zote mbili, ingawa hakuna ambaye angeziona. Alhamisi raba zikaondoka na mwalimu mmoja aliyekuwa anamaliza masomo, Muislamu wa Mwanza, akaacha nusu ya vitabu vyake kwangu ili begi litoshe. Sijawahi kumsikia akijisifu.

Jumamosi tulikaa karakanani kwa Liang, simu imeegemezwa kwenye birika. Upande wa pili Mama Neema ameshika simu yake. Nyuma yake naiona Treni kwenye jeki, na kando, naapa, mitungi miwili ya gesi ya kukatia, na shemeji mtu amekaa juu ya mmoja kama amekaa kwenye kiti cha urithi.

"Masanja, shusha!" nikapiga kelele.

"Nashusha, dada, usinipigie kelele, siyo mume wako!"

Jeki ikashuka. Bodi ikakaa. Mlango wa kwanza, ukafunga. Wa pili, ukafunga. Wa tatu ukagoma. Shemeji akasimama. Masanja akaufungua, akaupa bega pale kwenye bawaba, akalegeza, akakaza, akasema "subirini," akarudi nyuma. Wa nne ukafunga. Ukabaki ule wa tatu, ule ambao bibi harusi huwa anaingilia.

Mama Neema akampa mtu simu, akaenda mwenyewe. Hakuusukuma. Aliugusa tu kwa vidole viwili, akaachia.

Dufu.

Siyo mlio wa bati. Dufu, sauti ya kitu kizito kinachorudi mahali pake. Mnunuzi wa skrepa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema kwa sauti, "Aisee." Halafu akaanza kubeba mitungi yake. Shemeji akabaki amesimama hana cha kukalia.

Liang hakuwa ameelewa neno hata moja. Alikuwa amesogeza sikio mpaka kwenye simu, macho amefumba.

"Mwambie afungue tena," akaniambia.

Nikamwambia Mama Neema. Akafungua, akafunga. Dufu.

"Tena."

"Mwanangu, huyo mzee anataka nini?" Mama Neema akauliza, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Anataka kusikia, mama. Funga tu."

Akafunga. Akafunga tena. Watoto wa mtaa mzima wakaja kupanga foleni kufunga mlango wa Treni, na sisi watatu tumeinamia simu moja Guangzhou, raba zinapoa nyuma yetu.

Sasa wewe unauza kitu gani hapa ambacho kikiharibika mtu atalia?